Kutoka Kasenyi hadi Bunia kwa Ajili ya Macho



Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za Bunia kwa njia ya redio, na kwa bahati mbaya habari zenyewe zilikuwa mara nyingi za vita. Leo nataka kuwasimulia safari ya namna nyingine, niliyoifanya mwezi wa Januari kutoka pwani ya Ziwa Alberti hadi mji huo, pamoja na bibi mmoja mjane na mjukuu wake wa miaka 11, mwanafunzi wangu. Hatukwenda kufanya biashara wala kutembelea ndugu. Tulikwenda kwa sababu ya macho ya mtoto, na tena, sitaficha, kwa sababu ya dhamiri yangu mimi mwalimu.

Mwaka mzima mtoto huyo alikuwa hatazami ubao. Kila nilipoandika hesabu, yeye aliinamisha kichwa akafikicha macho kwa ngumi mpaka machozi yakaloanisha daftari. Macho yenyewe yalikuwa mekundu, na weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya udongo. Wenzake walimpa jina la Mvuta Bangi. Mimi nilidhani ni jeuri. Basi siku moja, saa sita mchana, nikamtoa nje nikamwamuru asimame juani hata kengele ilie, ili ajifunze kuinua uso wake mbele ya mkubwa. Naye hakuuinua. Alisimama amejifunika macho kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka viganjani, nami nikasema moyoni: sasa anatubu. Kosa hili nimekwisha kuliungama kwa padri. Nalisimulia hapa kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mwalimu aliacha kazi zake siku tatu akapanda gari la samaki.

Tuliondoka Kasenyi saa kumi na moja alfajiri. Ziwa lilikuwa bado jeusi, na taa za wavuvi zilionekana mbali kama nyota zilizoshuka majini. Jirani zetu wa ng'ambo, upande wa Uganda, huliita ziwa hilo Mwitanzige, yaani muua nzige, kwa maana husemekana kwamba makundi ya nzige yaliyojaribu kulivuka yalichoka yakaangamia. Jina la Alberti lililetwa mwaka 1864 na msafiri Mwingereza Samuel Baker, kwa ukumbusho wa mume wa malkia wake. Uwanda wa pwani ni wa joto kali. Wakati wa kiangazi majani hukauka yakawa kama karatasi, na upepo wa adhuhuri huokota mchanga na kuutia katika kila sufuria na kila jicho. Huko ndiko mtoto wetu alikozaliwa na kukulia.

Garini tulikalia magunia ya samaki wa chumvi. Alikuwamo mchuuzi mmoja, mtu mchangamfu, ambaye zamani alikuwa katekista. Alipoyaona macho ya mtoto alisema, "Mwalimu, wewe ulisoma seminari. Je, Biblia haisemi kwamba nyongo ya samaki huponya macho? Nasi hapa tumekalia samaki gari zima!" Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba samaki wa Tobia aliletwa na malaika Rafaeli mwenyewe, lakini hawa wa kwake wameletwa na chumvi tu. Watu wakacheka tena, hata bibi.

Lakini moyoni nilikumbuka neno jingine la Kitabu hicho, ambalo watu hulipita upesi ili wafike kwenye samaki. Mzee Tobiti alipoangukiwa na mavi ya ndege machoni akapata madoa meupe, alikwenda kwa waganga. Nao kadiri walivyompaka dawa zao, ndivyo alivyozidi kupofuka. Sikujua kwamba neno hilo tulikuwa tumelibeba pamoja nasi, limefungwa katika fundo la kitenge cha bibi.

Jua lilichomoza tulipokuwa tukipanda ukingo wa Bogoro. Anayetoka ziwani kwenda Bunia hana budi kupanda zaidi ya mita 600, na karibu mwinuko wote uko mahali pamoja, umesimama kama ukuta wa boma. Gari lilinguruma na kutetemeka, wanaume wakashuka kutembea. Nilipotazama nyuma niliuona uwanda wote, na ziwa limelala kama bati jipya, na ng'ambo yake milima ya Uganda ya rangi ya moshi. Nikamwambia mtoto, "Geuka ulitazame ziwa lenu." Alikuwa amejifunika gunia kichwani. Akajibu kwa adabu, "Nililiona jana, Mwalimu."

Kijiji cha Bogoro kiko kilomita 25 hivi kutoka Bunia. Hapo, tarehe 24 Februari 2003, watu wengi waliuawa kwa siku moja, na kesi yake ilisikilizwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Leo kuna mihogo, kuna watoto wenye madumu ya maji, kuna askari kizuizini. Dereva alipunguza mwendo, bibi akafanya ishara ya msalaba, nasi tukasali Raha ya Milele kwa sauti ya chini. Hakuna aliyesema neno mpaka nyumba za mwisho zilipopita.

Bunia hauonekani kwa mbali kama miji iliyojengwa vilimani. Unasafiri katika nyanda za majani, upepo ukivuma bila kizuizi, ng'ombe wa hapa na pale wakikutazama. Mara unaona mikaratusi, kisha mabati, kisha milingoti ya simu, na juu ya vyote vumbi limekaa kama ukungu mwekundu. Mji huu ulikua wakati wa Wabelgiji kwa sababu ya dhahabu ya Kilo, na kwa sababu njia za ziwani, za Mahagi na za msitu hukutana hapo. Kwa sisi Wakatoliki ni mji wa askofu: Vikarieti ya Ziwa Alberti, iliyolelewa na Mapadri Weupe, ilifanywa Jimbo la Bunia mwaka 1959, wakati Papa Yohane wa XXIII alipoyapandisha mavikarieti ya Kongo yawe majimbo kamili. Tangu mwaka 2015 mji huu ni makao makuu ya Mkoa wa Ituri.

Lakini mtu mwenye macho mabaya haoni majimbo wala mikoa, anaona vumbi. Vita vya miaka ya 1999 hadi 2003 vilileta wakimbizi Bunia, na tangu mwisho wa mwaka 2017 mapigano ya Djugu yalileta maelfu wengine, wakalala makanisani, mashuleni na katika mahema. Mji ukajaa kupita kipimo chake. Toka katika barabara kuu ya Libération, uingie mitaa ya kando, utaona udongo mwekundu uliosagwa na pikipiki mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Pikipiki moja ikipita, vumbi hupanda; kabla halijatua, ya pili imepita. Ongeza moshi wa makaa katika kila ua, ongeza jua la nyanda za juu ambalo halina joto la pwani lakini mwanga wake hukata kama wembe. Mtoto wetu alishuka garini akasimama katikati ya mambo hayo yote amefumba macho kabisa, ameshika upindo wa kitenge cha bibi yake kama kipofu wa Yeriko kabla ya kuponywa.

Kliniki ya macho ina benchi refu barazani. Tulipofika lilikuwa limejaa, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba watoto waliokuwa wakijikuna macho karibu wote walikuwa wavulana. La pili ni lugha. Hapa mama alimnyamazisha mwanawe kwa Kilendu, karibu naye mwingine alisema Kihema, kisha Kialuri, kisha Kingiti, na kati yao walisogezeana nafasi kwa Kiswahili. Kila mmoja alikuwa na kitambaa mkononi, na kila mmoja alikuwa akimwambia mtoto wake neno lilelile: usifikiche, usifikiche.

Mganga wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa maneno na mwepesi wa mikono. Alimweka mtoto mbele ya chombo chenye taa, akampindua ukope wa juu kwa kijiti kabla hajajua linalofanyika. Kisha akaniita nitazame. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Utando wa ndani ya ukope, unaopaswa kuwa laini kama ndani ya shavu, ulikuwa umejaa vinundu vilivyobanana kama mawe ya njia iliyosakafiwa. Na kuuzunguka ule weusi wa jicho ilikuwapo pete nene ya kitu kama utomvu, rangi ya kahawia, yenye vidoadoa vyeupe juu yake. "Kila anapopepesa macho," alisema, "mawe haya yanasugua kioo cha jicho. Ndiyo sababu mwanga unamchoma. Mtoto huyu akisimama juani ni kama mtu aliyetiwa pilipili." Nikashukuru kwamba hakuwa akinitazama mimi.

Bibi aliuliza kama ni ugonjwa wa nzi wa mtoni, kwa maana katika Ituri yetu usubi unajulikana na umepofusha wazee wengi. Mganga akasema sivyo. Akauliza tena kama ni vikope, au ni mtu ametupa jicho baya. Sivyo, na wala hauambukizi. Kaka na dada wanaweza kulala naye mkeka mmoja. Ugonjwa huu Waswahili wa pwani huuita mzio, na wasomi wetu wa Kifaransa huuita aleriji. "Mwili una askari wake," alisema mganga, "nao ni wazuri. Lakini kwa watoto wengine askari hawa wanakosa kutambua. Vumbi likipita, poleni ya maua ikipita, wanadhani ni adui. Umewaona wale wa kizuizini wanaomkamata mama mwenye kapu la mihogo? Ndivyo hivyo. Vita vinapiganwa ndani ya jicho, na adui hayupo." Watu wote barazani walicheka kidogo, kwa namna ya watu waliokwisha kukamatwa vizuizini.

Hapa niruhusuni niseme jambo la Kilatini, kwa maana miaka ya seminari haiishi katika mtu. Madaktari wa Ulaya waliuita ugonjwa huu kwa jina linalotokana na neno ver, yaani majira yale ya kwao ambapo baridi kali hupita na miti huchanua. Huko wagonjwa wao huteseka maua yakifunguka, kisha hupumzika baridi ikirudi. Sisi hatuna majira hayo. Hapa Ituri miti huchanua itakavyo, na mtoto huugua Januari, na huugua Julai; kiangazi humzidishia, mvua humpunguzia, lakini mwaka wote hapati likizo. Jina limekuja na meli, ugonjwa ulikuwapo nyumbani.

Nao si mdogo. Kule Kabgayi, nchini Rwanda, katika misioni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1906, kuna hospitali ya macho yenye sifa. Katika uchunguzi uliofanywa Rwanda katika shule, na kuchapishwa mwaka 2011, ugonjwa huu ulionekana katika watoto wapatao 4 katika kila 100. Ulionekana zaidi mahali pa joto na ukavu, na zaidi kwa wavulana. Nilipolisikia hilo nilifanya hesabu ya shule yangu kimoyomoyo, darasa kwa darasa, nikaanza kuziona nyuso. Yule wa darasa la pili anayekaa kisogo dirishani. Wale ndugu wawili. Yule aliyeacha masomo mwaka juzi, ambaye sisi walimu tuliandika karibu na jina lake neno "mvivu".

Kwa kawaida ugonjwa huanza kabla ya miaka 10, nao huelekea kutoweka wenyewe ujana unapokomaa. Hilo ndilo neno la faraja, na mganga alilisema mara mbili ili bibi alishike. Lakini si wote wanaotoka salama. Karibu nasi alikaa kijana wa miaka 22, mwendesha pikipiki. Macho yake hayakuwa mekundu sana tena. Alituambia kwamba tangu utoto alikuwa akifikicha, usiku na mchana, maana kufikicha kuna utamu wake. Na sasa vioo vya macho yake vimedhoofika vikachongoka mbele kama ncha ya yai. Usiku, taa moja ya pikipiki inayomjia huiona kama taa tatu au nne. Miwani ya kawaida haimsaidii vema. "Nachagua ya katikati," alisema akicheka, "na mpaka leo nimechagua vizuri." Hakuna aliyecheka pamoja naye.

Sasa nafika kwenye fundo la kitenge. Mganga aliuliza, "Mama, mmekuwa mkimtia dawa gani?" Bibi akafungua fundo polepole, akatoa kichupa kidogo cha plastiki, akakiweka mezani kwa fahari. Alisema ni dawa nzuri sana. Alikinunua cha kwanza kwa muuza dawa sokoni, ambaye hakutaka karatasi ya daktari. Na tangu hapo, karibu miaka miwili, kila kilipokwisha aliuza samaki akanunua kingine. Mtoto akitiwa, kesho yake macho ni meupe. Akiachishwa, wiki moja haipiti, yamerudi. "Ndicho kilichomlea," alisema.

Mganga alikigeuza kichupa akasoma. Kilikuwa deksametasoni. Hakumgombeza bibi hata kidogo. Nimeliweka hilo moyoni. Alinyamaza tu, kisha akamtia mtoto dawa ya ganzi, akapima nguvu ya maji ndani ya macho. Jicho zima kwa kawaida halizidi kipimo cha 21. La kulia lilikuwa na 27. La kushoto lilikuwa na 38. Akaenda kumwita daktari.

Daktari alitazama kwa muda mrefu nyuma ya jicho, mahali uingiapo mshipa uletao habari za macho katika ubongo. Kisha akamweka mtoto amtazame puani, akatikisa kidole pembeni. Kwa jicho la kulia aliona kidole mapema. Kwa la kushoto kidole kilikuja, kikaja, kikawa karibu mbele ya uso, ndipo mtoto akasema, "Sasa." Bibi aliona jambo hili kwa macho yake mwenyewe, wala hapakuwa na haja ya kumfasiria.

Deksametasoni na ndugu zake, jamii ya steroidi, si sumu. Daktari alituambia kwamba yeye mwenyewe huwapa wagonjwa walio wabaya sana, hasa mawe yale yanapochimba kidonda juu ya kioo cha jicho. Lakini huwapa kwa siku za kuhesabu, huku akipima. Katika watoto wengi dawa hiyo ikiendelea majuma na miezi huziba njia ya maji ya jicho, maji hukusanyika, nguvu huongezeka, na mshipa hufa taratibu kuanzia pembeni. Ndiyo glakoma. Haiumi. Jicho ni jeupe, mtoto hacheki wala halii, mzazi anamshukuru Mungu. Wengine huota mtoto wa jicho juu yake. Mzio ungekwenda zake mtoto akiwa kijana; mshipa uliokufa haurudi.

Bibi aliuliza swali moja tu: "Basi yule aliyeniuzia alijua?" Daktari akasema pengine hakujua. Nami nadhani alisema kweli. Muuza dawa aliona macho mekundu, akauza kile kinachoondoa wekundu, na wateja walirudi wakimshukuru. Tukitafuta mkosaji tutazunguka soko zima, na mwisho tutafika darasani kwangu.

Tulipewa dawa tatu. Ya kwanza ya kushusha nguvu ya maji katika macho, ambayo jicho la kushoto halitaiacha kwa muda ambao daktari hakutaka kuutaja. Ya pili ni kromoglikati, ya kuwatuliza wale askari. Hii hutiwa mara nne kila siku, macho yawe mekundu au meupe, na faida yake haionekani mpaka siku nyingi zipite. Ya tatu ni maji baridi na kitambaa safi, wakati wowote mwasho unapokuja, mahali pa ngumi. Juu ya hayo kofia yenye ukingo mpana, miwani meusi ikipatikana, na kunawa uso baada ya vumbi. Iko dawa nyingine, siklosporini, ambayo haina madhara yale ya steroidi kwa maji ya jicho. Huko Rwanda waliipima pamoja na deksametasoni, na matokeo yakatolewa mwaka 2012, wakaona yatuliza vivyo hivyo. Lakini ni ghali, huchoma inapotiwa, na siku ile haikuwapo kabatini.

Bibi hakuridhika na kromoglikati. "Dawa isiyopoza leo, ni dawa gani?" Mganga akamwuliza, "Mama, ukipanda muhogo, unachimba kesho?" Bibi akajibu kwamba muhogo hauwashi usiku. Nalikubali jibu lake. Ni yeye, si mganga wala mimi, atakayeamshwa saa nane za usiku na mtoto anayelia macho.

Tulilala kwa jamaa wa parokia mtaa wa Nyakasanza, na asubuhi tulisikiliza Misa. Mtoto alikaa nyuma ya nguzo, mbali na dirisha, akiwa amevaa kofia mpya. Mzee mmoja alimwashiria aivue kanisani. Nikamnong'oneza sababu, mzee akafikiri kidogo, kisha akasogea yeye mwenyewe kumkinga mwanga.

Kabla ya kurudi tulipewa tarehe ya kupimwa tena, baada ya majuma matatu, na nyingine baada yake. Nikapiga hesabu ya nauli: watu wawili, kwenda na kurudi, na kizuizi, na chakula. Bibi alizihesabu katika samaki, akapata jibu kabla yangu. Padri wetu ameahidi nusu kutoka mfuko wa wagonjwa, nusu nyingine tunaitafuta. Darasani nimehamisha dawati la mtoto kutoka dirishani, nikalileta mbele, upande wa kivuli, kwa kuwa jicho la kushoto halioni vema yaliyo kando. Wale ndugu wawili nimewaandikia wazazi wao barua. Nyumbani kwa yule tuliyemwandika mvivu nilikwenda mwenyewe jioni moja. Anavua samaki sasa, ana miaka 16, na macho yake yanaendelea vizuri. Hakutaka kurudi shuleni, wala sikuwa na neno la kumlazimisha.

Katika gari la kurudi tulikaa na mama kijana mwenye mtoto wa miaka minne hivi. Mtoto alikuwa mweupe wa macho, mzuri kabisa, akichezea kifuniko kidogo chekundu. Gari lilipoanza kushuka ukingo wa Bogoro na vumbi kutufunika, alianza kujikuna. Mama yake akatoa kichupa kwapani, akamlaza mtoto mapajani amtie.

Nilitaka kusema, lakini nilijua nitasema kama mwalimu. Bibi alinishika mkono. Akamsalimu yule mama kwa Kihema, akamwuliza wa nyumba gani, akamwuliza habari za wazee wake, kama ipasavyo. Kisha akamwita mjukuu wake aje akae kati yao, akamvua kofia, akamwambia atazame mbele asigeuze uso. Akanyosha mkono wake nyuma ya sikio la kushoto la mtoto, akainua kidole, akaanza kukileta mbele polepole, huku yule mama ameshika kichupa chake hewani, akitazama.